Mlango Uliouliza Nani

Haya hayakutokea kwetu. Kwetu, kama kila mtu ajuavyo, maji hutoka saa zote na wakubwa hutaja majina yao bila kubanwa. Yalitokea katika nchi moja ya mbali sana, na msomaji akiiona imefanana na nchi fulani anayoifahamu, basi anywe maji, kama yapo, apumzike kidogo. Atakuwa amechoka tu.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Milango. Wizara nyingine zilikuwepo pia, lakini ya Milango ndiyo iliyojengewa jengo refu kuliko yote, lenye mlango mmoja, nao ulikuwa mbovu, kwa hiyo watumishi waliingilia dirishani. Waziri wake, Mheshimiwa Ngwale, alikuwa mtu wa nia njema. Nia yake njema kuliko zote ilikuwa kwamba mtumishi wa umma asisumbuliwe kufika kazini.

"Mtumishi ni rasilimali," alisema siku ya kutangaza mpango wake. "Rasilimali haikalishwi kwenye kiti cha mbao tangu asubuhi kama mgonjwa anayesubiri sindano. Rasilimali inakaa nyumbani kwake, imestarehe, imejifunga msuli wake, huku mkono wake mrefu ukifika ofisini kwa njia ya mtandao!"

Makofi yalikuwa machache, maana rasilimali nyingi zilikuwa zimeanza kutekeleza mpango kabla haujatangazwa.

Kazi ya kuutengeneza huo mkono mrefu alipewa Kidawa binti Mbaraka, mhandisi wa mitandao katika Mamlaka ya Maji. Maji yalichaguliwa kwa majaribio kwa sababu wananchi walikuwa wameshazoea kuyakosa, kwa hiyo kukitokea hitilafu hakuna ambaye angestuka. Vali zote za mji, zile zinazofungua na kufunga mabomba ya kila mtaa, ziliongozwa na kompyuta zilizokaa katika chumba kimoja cha Mamlaka. Kompyuta hizo zilizungumza zenyewe kwa zenyewe, katika mtandao wao wa ndani, na mtu wa nje hakuwa na njia ya kuzifikia. Ukitaka kufungua vali ya mtaa wa Kisimani, unakwenda mwenyewe kwenye chumba kile, unaketi, unafungua.

Kidawa akautengenezea mtandao ule mlango. Unachukua simu yako, unafungua kivinjari kile kile unachosomea habari za mpira, unaandika anwani ya Mamlaka, na mlango ukishakutambua, unajikuta ndani kana kwamba umeketi chumbani mbele ya vali. Huhitaji waya wala kusakinisha kitu chochote. Ukitoka, simu yako haibaki na chembe ya ulichokiona. Ilikuwa kazi safi, na Kidawa aliifanya kwa mapenzi, kwa sababu aliyemwomba aifanye ni Ami Pandu.

Ami Pandu ndiye Pandu Kheri, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Maji. Hakuwa ami wa damu. Alikuwa rafiki wa marehemu Mbaraka, na Mbaraka alipofariki, Pandu ndiye aliyemshika mkono yule binti mdogo, akampeleka shule na chuo, akamwingiza kazini. Alimwita mwanangu. Ndiye mtu pekee duniani aliyemwita hivyo, kwa sababu mama yake Kidawa, Bi. Mafunda, hakuwa mtu wa kubembeleza, yeye alimwita wewe.

*

Mlango wa kwanza wa Kidawa ulikuwa mkali. Ulitaka jina kamili na neno la siri, halafu ukatuma tarakimu kwenye simu ya mwenyewe, naye azisome na kuzirudisha kabla hazijachacha.

Mheshimiwa Ngwale alikuwa wa kwanza kubisha, mbele ya kamera za televisheni. Aliandika cheo chake. Mlango ukataka jina. Akaandika cheo chake kwa herufi kubwa. Mlango ukataka jina.

"Pandu," akasema Waziri, akiendelea kuzitabasamia kamera, "hiki kitu hakinijui?"

"Kinakujua, Mheshimiwa. Sema kinataka kuhakikisha."

"Kuhakikisha nini? Mimi picha yangu iko kwenye stempu."

Akaandika jina kwa uchungu. Mlango ukatuma tarakimu kwenye simu yake. Simu ya Waziri hushikwa na msaidizi wake, na msaidizi alikuwa kwenye msafara wa nyuma, ambao ulikuwa umesimamishwa barabarani ili kuupisha msafara wa mbele. Alipowasili akihema, tarakimu zilikuwa zimechacha.

"Nimeulizwa namba kama mfungwa," alisema Waziri, na taarifa ya habari ya jioni haikuonyesha tukio lile, ikaonyesha ngoma za asili.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Adabu za Mtandao. Kamati ilizunguka nchi nzima, kisha ikaenda kuzunguka nchi za wenzetu zenye baridi, ambako ilithibitisha kuwa ni baridi, na ikarudi na ripoti. Ripoti ilisema mlango wa Kidawa una lugha ya kipolisi, na mwananchi wetu hajalelewa hivyo. Mwananchi wetu akifika mlangoni husema hodi. Wa ndani huuliza nani. Wa nje hujibu mimi. Wa ndani husema karibu. Huo, ilisema ripoti, ndio usalama wetu wa asili, na tangu enzi za mababu hakuna mwizi aliyerekodiwa kuuvunja.

Kwa hiyo mlango ubadilishwe. Uulize "Nani?" Ukijibiwa "Mimi", useme "Karibu".

Kidawa alikwenda kwa Ami Pandu.

"Ami, kila mtu ni mimi."

"Najua, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ilikuwa kweli. Kidawa akiwa mtoto, kila alipofika nyumbani kwa Pandu alibisha hodi. Pandu huuliza kwa ndani, "Nani?" Kidawa hujibu, "Mimi." Pandu hakumfungulia. Huuliza tena, "Mimi nani? Mimi si jina. Hata paka ni mimi." Mpaka mtoto apaze sauti, "Mimi Kidawa wa Mbaraka," ndipo mlango ufunguke na abebwe juu juu. Kidawa alikua akiamini kwamba mtu anayetaja jina lake lote mlangoni ni mtu asiye na la kuficha.

"Sikiliza," akasema Pandu. "Waziri ni msahaulifu. Weka hii yao kwa muda, akishasahau, utarudisha ile yako. Nakuahidi kwa roho ya baba yako."

Kidawa akarudi kwenye meza yake, akaandika kanuni ya mlango kwa mkono wake mwenyewe. Aliandika huku anajidharau, lakini aliandika, kwa kuwa roho ya baba yake ilikuwa imetajwa.

*

Ikafuata semina ya kitaifa ya kuwafundisha wakubwa kubisha hodi.

Walikuwa wanafunzi wazuri mno. Mkurugenzi wa Mabwawa alivua viatu kabla ya kufungua kivinjari. Mwingine, mtu wa heshima zake, aliandika "Hodi" kisha akaigeuza simu upande, asije akachungulia ndani ya nyumba ya watu kabla hajakaribishwa, na kwa kuwa aliigeuza, hakuona alipokaribishwa, akakaa hivyo mpaka chakula cha mchana. Wapo waliobisha hodi mara tatu, na mtandao ulipochelewa kuwajibu wakaondoka zao, wakisema wenyewe hawapo, watarudi kesho.

Mtu pekee aliyeuzoea mlango kwa haraka alikuwa Ami Pandu. Yeye aliupenda. Alimwambia Kidawa kwamba akibisha na kuulizwa nani, anasikia kama yupo Kidawa mwenyewe mle ndani, anamwitikia.

"Ni mashine tu, Ami," Kidawa alimwambia akicheka.

"Kwako ni mashine. Kwangu ni mtoto niliyemlea."

Kidawa aliyakumbuka maneno hayo njia nzima kurudi nyumbani.

*

Nyumbani ni Kisimani. Mtaa wa Kisimani uko bondeni, na kisima hauna. Kilikuwepo, kikafukiwa ili pasimamishwe sanamu ya mtu aliyekichimba. Kwa hiyo watu wote walitegemea bomba, na bomba lilitegemea vali, na vali sasa ilikuwa ndani ya mlango wa Kidawa. Majirani walijivunia sana. Binti yetu ndiye mwenye mlango, walisema. Kidawa hakuwa na mali wala shamba, alikuwa na jina zuri katika mtaa ule, na akipita uchochoroni wazee walimsogezea kiti.

Kisha maji yakakatika.

Si kama yalivyokatika siku zote, kwa kusuasua, yakikohoa kwenye bomba. Yalikatika kama yaliyofungwa na mtu. Juu, kwenye Mlima Baridi wanakoishi wakubwa, nyasi ziliendelea kuwa kijani, na mbele ya lango la Mheshimiwa Ngwale ilizinduliwa chemchemi yenye samaki wa shaba anayetema maji juu akayameza tena. Kisimani watu walianza kufua kwa zamu ndani ya maji yale yale.

"Wewe," Bi. Mafunda alimwambia bintiye, akiwa amekalia ndoo tupu aliyoifudikiza. "Watu wananiuliza. Mwanao si ndiye wa mlango? Niwajibu nini?"

"Waambie kuna mtu anaingia na kufunga. Nitamjua."

"Nawaambia ni nani?"

Kila aliyepita mlangoni mlango ulimweka kwenye kumbukumbu kwa jina lake, na wote walikuwa na jina moja. Aliyefunga vali ya Kisimani: Mimi. Aliyeifungua kwa saa moja na kuifunga tena: Mimi. Aliyeelekeza maji ya Kisimani Mlima Baridi: Mimi. Aliandika barua kwa Wizara, nayo ikamjibu kwamba imepokea taarifa, imeridhika kuwa mhusika ni mmoja tu, na inaupongeza mlango kwa kumtambua.

Watu wa Kisimani waliandamana na ndoo tupu hadi Wizarani, wakazigonga ndoo mpaka madirisha, yaani milango, yakafungwa. Serikali ikatangaza Tume ya Kumtafuta Mimi.

Kidawa hakuingoja Tume. Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu kwa kuwa kila mtu yuko kazini nyumbani kwake, aliketi chumba cha vali mbele ya kioo cha kompyuta, akawa anautazama mlango wake. Alikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu herufi zikaanza kujipanga moja moja, kwa mwendo wa mtu mzima anayeandika kwa kidole kimoja.

"Hodi."

"Nani?" mlango ukauliza.

"Ni mimi, mwanangu. Umeshindaje?"

Mpaka siku ile hakuna aliyekuwa ameongeza neno juu ya "mimi", lakini mlango haukujali yaliyozidi, uliyaweka kwenye kumbukumbu kama yalivyo. Uliliona neno "mimi", ukasema karibu. Kisha, mbele ya macho ya Kidawa, vali ya Kisimani ikageuka taratibu, ikafunga.

Alilisoma lile neno "mwanangu" tena na tena. Hakuna mtu mwingine katika nchi ile nzima ambaye angeifikia mashine ya serikali kuiibia maji, akaanza kwa kuijulia hali. Alilia kwa sauti, peke yake, katika chumba chenye mashine ambazo hazikuwa zimefundishwa kuuliza kulikoni.

*

Nyumba ya Pandu Mlima Baridi ilikuwa na bwawa la bata weupe, nao walikuwa wakiogelea Kidawa alipofika. Alibisha hodi, akaulizwa nani.

"Mimi Kidawa wa Mbaraka," akajibu, kama zamani.

Pandu alitoka akitabasamu. Kidawa hakukaa.

"Ami, nimekuona. Nilikuwa nimekaa mlangoni."

Mzee hakubisha. Pengine angebisha ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye ukingo wa bwawa, akavua kofia, akaanza kulia machozi ya kweli, ya mtu mzima. Alisema Waziri alimbana juu ya chemchemi. Alisema alifikiri ni siku moja. Alisema na bata nao, wanakufa haraka bwawa likipungua.

"Mama yangu anafua kwenye maji yaliyofuliwa, Ami."

"Najua. Nimekosa, mwanangu. Tume ikikaa nitasimama mwenyewe niseme. Lakini lile neno." Akamshika Kidawa mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wao wakilisoma kabla sijasema, nitakuwa mwizi aliyekamatwa. Nikisema kwa kinywa changu, nitakuwa mtu aliyetubu. Niachie heshima hiyo tu. Nakuahidi kwa roho ya baba yako."

Akachukua simu pale pale, akabisha hodi, akaifungua vali. Kidawa aliporudi Kisimani usiku ulikuwa haujaingia na watoto walikuwa wakirushiana maji uchochoroni. Bi. Mafunda alimmwagia bintiye kikombe kizima mikononi, bila sababu, kwa furaha tu.

Asubuhi Kidawa akaingia kwenye kumbukumbu za mlango. Akafuta "Ni". Akafuta "mwanangu". Akafuta na "Umeshindaje". Likabaki "Mimi", kama wengine wote.

*

Tume ilikaa katika ukumbi wa Wizara. Wajumbe walipandishwa dirishani mmoja mmoja kwa ngazi, Mwenyekiti wa mwisho, kwa kuwa alikuwa mnene na mwenye hekima. Watu wa Kisimani walikuja na ndoo zao, safari hii zimejaa, wakazikalisha miguuni kama ushahidi. Bi. Mafunda alikuwa mstari wa mbele.

Kabla ya kuitwa, Ami Pandu alimwinamia Kidawa sikioni.

"Wewe utatangulia, nami nitafuata. Ukiulizwa jibu kwa kifupi, wasikuchoshe."

Kidawa akala kiapo.

"Nani," akauliza Mwenyekiti, "aliyeandika kanuni ya mlango huu?"

"Mimi."

Ukumbi ukavuta pumzi. Karani akaandika haraka haraka.

"Wataalamu wetu wameona kuna maneno yamefutwa kwenye kumbukumbu. Nani aliyafuta?"

Kidawa akamtazama Ami Pandu. Ami Pandu alikuwa akikitazama kiatu chake cha kulia.

"Mimi," akasema.

"Karani, isomee Tume jina la aliyefunga vali ya Kisimani."

"Mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti."

"Inatosha," akasema Mwenyekiti, akafunga jalada kwa kiganja. "Tume imetumwa kumtafuta Mimi, na Mimi amejitaja mara mbili hapa hapa, kwa kiapo, bila kulazimishwa. Katika maisha yangu ya sheria sijapata kumuona mhalifu mwenye ushirikiano kama huu."

"Sikufunga," akasema Kidawa. "Aliyefunga ni Ami Pandu."

"Ami ni cheo gani?"

"Mkurugenzi Mkuu. Huyo hapo."

"Unao ushahidi?"

"Ulikuwepo," akasema Kidawa, na alipokuwa akisema alijua ni maneno gani yanafuata, akatamani ulimi wake ukauke. "Niliufuta."

Ukumbi ulicheka, hata wajumbe walicheka, na mtu mmoja wa Kisimani, aliyezoea kumsogezea kiti, akatema mate chini. Hapo ndipo Pandu Kheri aliposimama. Kidawa alimwona akisimama na moyo ukamfunguka, akajisemea ndiyo, sasa, Ami ameahidi kwa roho ya baba.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Pandu, na sauti yake ilitetemeka vizuri sana. "Msichana huyu nimemlea. Nimemsomesha. Leo naumia kuliko mtu yeyote humu. Naomba Tume imhurumie. Mwanangu amechanganyikiwa."

Alilisema lile neno mbele ya watu wote. Lilitoka kinywani mwake kama lilivyokuwa limeandikwa, na hakuna aliyelisikia isipokuwa Kidawa, kwa kuwa Kidawa ndiye aliyelifuta. Wengine walisikia mzee mwenye huruma. Karani hakuliandika.

Walipomtoa nje, Bi. Mafunda alikuwa amesimama kando ya dirisha na ndoo yake.

"Wewe," akasema. "Ulimfutia?"

"Nilimfutia, mama."

Mama akajitwika ndoo, akaondoka bila kumwaga hata tone.

*

Hukumu ilikuwa ya busara. Mlango, kwa kuwa ni mashine, ulionekana hauna hatia, lakini ukastaafishwa kwa heshima zote. Na kwa vile nchi haiwezi kukaa bila mlango, Mimi, yaani Kidawa, akahukumiwa kutumikia kifungo chake kama mlango. Atakaa katika chumba kilichofungwa, mbele ya kioo, chini ya ulinzi. Kila atakayebisha hodi kwenye mtandao wa Mamlaka, Kidawa ndiye atakayemuuliza nani, kwa mkono wake, na ndiye atakayemkaribisha.

Neno "mimi" likapigwa marufuku kutumiwa na raia, kwa kuwa sasa ni jina la mfungwa, na Serikali haikutaka watu wasio na hatia wachanganywe naye. Walimu shuleni walifundisha nafsi kuanzia ya pili. Bwana harusi mmoja alikubali ndoa kwa kusema "Tumekubali", na kadhi akachelewa kidogo kuamua ni wangapi. Na katika mlango wa Mamlaka, kwa waraka uliosainiwa na Mheshimiwa Ngwale mwenyewe, kila mbishaji akatakiwa kutaja jina lake kamili. Waziri aliuita huo ubunifu wa kwanza wa aina yake. Kidawa aliusoma waraka mara moja, akaugeuza, akaulalia kichwa.

Mlinzi wake alikuwa afande mmoja mwanamke aitwaye Sikujua, mpole, mwenye kupenda kusuka ukili akiwa zamu. Hakumuuliza Kidawa habari za kesi. Alimletea chai.

Wabishaji walikuwa wachache. Walipogundua kwamba mlango sasa unataka jina, wakubwa wengi waliona mambo ya vali hayana haraka. Kisimani maji yakatoka asubuhi na jioni, na watu wa Kisimani walimshukuru Mkurugenzi Mkuu, waliyesikia kwamba ndiye aliyemfichua yule binti. Jina la Kidawa walimpa mbwa mmoja wa mtaani, mwenye tabia ya kupindua ndoo. Bi. Mafunda hakumtembelea bintiye. Alimtumia mkate wa kumimina Ijumaa hadi Ijumaa, bila salamu, na Kidawa aliula wote hata ulipokuwa mgumu.

Pandu hakubisha hodi hata siku moja.

Kisha ikatangazwa kwamba rais wa nchi jirani atakuja kuitazama chemchemi ya Mheshimiwa Ngwale, na samaki wa shaba lazima ateme maji kufika juu kuliko lango. Alasiri hiyo Kidawa alikuwa ameketi mbele ya kioo, Afande Sikujua yuko nyuma yake na ukili wake, herufi zikaanza kujipanga, moja moja, kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Kidawa aliijua ile hodi kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Akaandika:

"Nani?"

Halafu:

"Ni mimi, mwanangu."

Kidawa akayatazama maneno. Alikuwa na hasira ya kumtosha kupasua kioo kile, lakini kilichomjia si hasira peke yake. Alimwona mzee yule anambeba juu juu. Aliona kidole chake cha kati kimeshaelea juu ya herufi ya K ya karibu. Angemkaribisha. Mungu amsamehe, vali ingefungwa, mama yake angekosa maji, na bado angemkaribisha, ilimradi tu mzee yule aseme ni nani. Alitaka kuliona jina lile limeandikwa kwa mkono wa mwenye jina, mara moja tu, hata kama hakuna mwingine atakayelisoma. Akaandika polepole:

"Mimi nani? Mimi si jina."

Alisubiri. Alijua kwamba mzee huko aliko anayakumbuka maneno yale ni ya nani. Herufi moja ikatokea kwenye kioo, P, ikakaa. Kisha P ikafutwa.

"Hodi," yakaja maandishi, kwa mara ya pili.

"Mimi nani?"

"Hodi."

Kidawa hakuandika tena. Mtu aliyelelewa vizuri akibisha hodi mara tatu asipojibiwa huondoka, na Pandu Kheri alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Kioo kikarudi kuwa cheupe. Huko Mlima Baridi waliita magari ya zimamoto yakamjaze samaki, na Kisimani maji yaliendelea kutoka mpaka watu wakalala, na hakuna aliyejua kwa nini.

Afande Sikujua akainua macho kwenye ukili wake.

"Kuna mtu alikuwa anabisha?"

"Alikuwepo."

"Nani?"

Kidawa akafuta uso kwa upande wa khanga.

"Nilidhani namjua, Afande," akasema.